Mwezi wa Kumi na Nane: Mtoto Anapoikataa Kliniki

Katika kadi ya kliniki anayopewa kila mtoto wa Tanzania, chanjo ya surua na rubela ina nafasi mbili za kujazwa. Ya kwanza hujazwa mtoto atimizapo miezi 9, na ya pili atimizapo miezi 18. Kati ya nafasi hizo mbili mtoto hubadilika sana. Yule aliyefika mara ya kwanza akiwa amefungwa mgongoni kwa mbeleko, akachomwa, akalia na kunyamaza alipopewa ziwa, sasa anatembea kwa miguu yake. Ana nguvu za mikono, ana meno, na ana utashi. Anaitambua njia ya zahanati, na aghalabu anakumbuka kilichompata huko.

Katika kata ya Nyakitonto, wilayani Kasulu, kama ilivyo katika vijiji vingine vya nyanda za juu za Buha hadi Kibondo, safari ya kwenda kliniki si jambo dogo. Njia ni ya vilima na udongo ambao hugeuka utelezi mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, na majira hayo hayo ndiyo ya kupanda mahindi na maharage. Mama anayefika zahanati ameacha jembe. Mtoto akijitupa chini mbele ya mizani, akampiga muuguzi teke na kulia hadi foleni nzima ikageuka kutazama, mama huyo hubeba mizigo miwili: mtoto asiyeshikika na aibu mbele ya watu. Akirudi nyumbani bila huduma, huenda asirudi mwezi ujao. Ile nafasi ya pili katika kadi hubaki wazi, wala hakuna aliyekusudia iwe hivyo.

Makala haya yanahusu namna ya kuizuia nafasi hiyo isibaki wazi. Yanajengwa juu ya hoja moja: ukaidi wa mtoto wa umri huo ni hatua ya kawaida ya makuzi, na sehemu kubwa ya hofu yake hutokana na mambo ambayo watu wazima wanaweza kuyabadilisha bila gharama yoyote.

Kwa nini anakataa

Kuanzia miezi sita hadi tisa, mtoto huanza kupambanua nyuso. Humtambua mlezi wake na kumwogopa mgeni. Hofu hiyo hupanda katika mwaka wa kwanza na kuendelea mpaka katikati ya mwaka wa pili, kisha hupungua taratibu. Wakati huo huo huchipuka tamaa ya kujiamulia: avae mwenyewe, ashike kijiko mwenyewe, aende anakotaka. Kliniki humkusanyia mtoto wa miezi 18 kila anachokichukia. Kuna mgeni anayemgusa, nguo zinavuliwa, anashikiliwa asisogee, na maumivu huja bila onyo.

Hapo huongezeka kumbukumbu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na utafiti umeonyesha kwamba methali hiyo inawahusu hata wachanga. Mwaka 1997, Anna Taddio na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kuwafuatilia watoto wa kiume walipokwenda kupata chanjo wakiwa na umri wa miezi minne hadi sita. Waliotahiriwa wakiwa wachanga bila dawa ya kupunguza maumivu waliitikia sindano ya chanjo kwa kilio kirefu na dalili kubwa zaidi za maumivu kuliko wasiotahiriwa. Waliopakwa dawa ya ganzi kabla ya kutahiriwa waliumia kidogo kuliko waliopakwa dawa bandia. Mtoto hawezi kulisimulia tukio, lakini mwili wake huweka kumbukumbu.

Kwa hiyo mtoto anayeanza kulia alionapo koti jeupe, au anaponusa harufu ya spiriti, hana adabu mbaya. Amejifunza, na amejifunza vizuri. Kazi ya mzazi na mtoa huduma ni kumpa somo jingine.

Kinachopotea akirudishwa nyumbani

Dozi ya kwanza ya chanjo ya surua ikitolewa katika miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Waliosalia hawakupewa chanjo mbovu. Baadhi yao bado wana kinga waliyoirithi kwa mama, ambayo huidhoofisha chanjo kabla haijafanya kazi, na wengine mfumo wao wa kinga haujakomaa. Dozi ya pili ndiyo inayowafikia hao 15, na ndiyo sababu Tanzania iliiingiza katika ratiba yake mwaka 2014. Katika kijiji kinachozaa watoto 100 kwa mwaka, ikiwa wote watapata dozi ya kwanza na hakuna atakayepata ya pili, watoto 15 watabaki bila kinga kila mwaka. Baada ya miaka sita au saba idadi yao hukaribia 100, yaani sawa na watoto wote wa mwaka mmoja ambao hawakuchanjwa kabisa.

Surua haihitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Mgonjwa mmoja, katika jamii isiyo na kinga, huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na virusi vyake hudumu hewani kwa muda unaofikia saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Ili kuuzuia ugonjwa usienee, watoto 95 katika kila 100 wanapaswa kuwa wamepata dozi zote mbili. Madhara yake ni nimonia, kuhara, kuvimba kwa ubongo na, kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, upofu.

Mkoa wa Kigoma una sababu ya ziada ya kuwa macho. Unapakana na Burundi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wilaya ya Kasulu imekuwa na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996. Watu husafiri kwenda sokoni, kwa jamaa na mashambani, na maradhi husafiri pamoja nao. Mnamo Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio. Septemba ya mwaka huo, baada ya kirusi cha polio kugundulika mkoani Rukwa, kampeni ya matone ilifanyika katika mikoa kadhaa ya mipakani, Kigoma ikiwamo. Matone huweza kumfuata mtoto mpaka mlangoni kwao na kumezwa kwa sekunde chache. Sindano ya miezi 18 haina wepesi huo, kwa hiyo inahitaji maandalizi.

Tena chanjo si hitaji la pekee la ziara hiyo. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha kwamba karibu watoto wote wenye afya huwa wanatembea bila kushikwa wanapokaribia miezi 18, basi asiyetembea baada ya hapo anastahili kuchunguzwa. Umri huo ndio pia wa kuuliza kama anasema maneno machache na kama anageuka aitwapo jina. Uzito na urefu nao hueleza habari ambayo jicho la mzazi haliioni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu huingia kimyakimya, na nyumbani mtoto huonekana mfupi tu kama wa jirani.

Maandalizi huanza nyumbani

"Ukilia nitamwita daktari akuchome sindano." Kauli hii husikika katika nyumba nyingi, na yaelekea hakuna inayoiharibu kliniki kuliko hiyo. Mtoto anayeonywa kwa sindano kila amwagapo uji hujifunza kwamba sindano ni adhabu. Siku atakayopelekwa kuchanjwa atajitetea kama anayeadhibiwa bila kosa, na mbele yake mzazi aliyetoa tishio ndiye anayemkabidhi. Kuiacha kauli hiyo ni hatua ya kwanza.

Hatua ya pili ni kusema kweli. Mtoto wa miezi 18 huelewa maneno mengi kuliko anayoweza kutamka. Aambiwe asubuhi ya safari, kwa maneno machache na sauti ya kawaida, kwamba wanakwenda kupimwa uzito, kwamba kutakuwa na sindano itakayouma kidogo na kwisha, na kwamba mama au bibi atakuwa amemshika muda wote. Kumwambia "haiumi" humtuliza kwa dakika moja tu, kisha humpokonya imani kwa mwaka mzima. Kumwambia siku tatu mapema nako hakufai, kwa kuwa mtoto wa umri huo hana kipimo cha kesho kutwa na atabaki na hofu tu.

Mchezo husaidia. Kaka na dada wakubwa wanaweza kucheza "kliniki" uani: mmoja mama, mmoja muuguzi, na kisoto cha hindi kiwe mtoto anayepimwa. Mtoto mdogo akikipima na kukichanja mwenyewe, tukio huacha kuwa geni. Siku yenyewe aende akiwa ameshiba na amelala vya kutosha. Abebe kitu anachokipenda, hata kama ni kipande cha kitenge cha mama. Nguo zake ziwe rahisi kupandisha mkono ili asilazimike kuvuliwa zote.

Mizani ya kuning'inia

Kwa watoto wengi vurugu haianzi kwenye sindano, huanza kwenye mizani. Mizani ya kuning'inia, yenye mfuko wa nguo wa kuingizia miguu, imepima vizazi kwa sababu ni imara na hutundikika popote, hata kwenye tawi la mwembe siku ya huduma ya mkoba. Lakini kwa mtoto aliyeanza kutembea, kunyanyuliwa na kuachwa miguu ikiwa hewani ni jambo la kutisha. Akipigapiga miguu mshale huyumba, na uzito unaoandikwa huwa wa kubahatisha.

Zipo njia tatu za kupunguza tatizo hilo. Kwanza, mfuko avalishwe na mama, akiwa amepakatwa na mapema kabla zamu yake haijafika, ili auzoee akiwa bado mapajani. Pili, mama asimame mahali ambapo mtoto anamwona uso kwa uso, mikono yake ikiwa karibu bila kumgusa, na aendelee kuzungumza naye mpaka mshale utulie. Tatu, pale palipo na mizani ya kielektroniki ya kusimamia yenye kusoma hadi gramu 100, mama apimwe peke yake, kisha apimwe amembeba mtoto, na uzito wa kwanza utolewe katika wa pili. Mtoto haondoki kifuani kabisa.

Ikiwa siku hiyo mizani imeshindikana, utepe wa kupimia mzingo wa mkono hautoi jibu lile lile, lakini huzuia hatari isipite bila kuonekana. Hutumika akiwa mapajani kwa mama, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja. Kati ya 11.5 na chini ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani.

Sindano na matone

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kupunguza maumivu wakati wa chanjo, na mengi kati yake hayahitaji kifaa wala fedha. Mlezi awepo kabla, wakati na baada ya sindano. Mtoto apakatwe wima, asilazwe chali na kukandamizwa, kwani kulazwa kwa nguvu huongeza hofu na mapambano. Anayenyonya anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla yake. Mtoa huduma asivute bomba kutafuta damu, kwa sababu kufanya hivyo huongeza maumivu bila faida yoyote katika sehemu zinazotumika kwa chanjo. Sindano zikiwa zaidi ya moja, inayouma zaidi iwe ya mwisho. Kwa watoto wa wiki 6 na 10, chanjo ya matone ya rota, ambayo ina utamu, itangulie kabla ya sindano.

Kwa mtoto wa miezi 18, mkao ufaao ni wa kukumbatiana kifua kwa kifua: miguu yake izunguke kiuno cha mama, mkono mmoja uwe chini ya kwapa la mama, na mkono wa kuchanjwa ushikwe kwa upole lakini kwa uthabiti. Kumbatio hilo humtuliza na wakati huo huo humzuia asijitikise ghafla. Mtu mwingine ampe kitu cha kutazama, kiwe kijiti, wimbo au kuku anayepita nje ya dirisha. Maneno ya muuguzi yawe ya kawaida, "haya, tunaanza", badala ya "sasa utaumia". Dawa za kumeza za maumivu hazipendekezwi kutolewa kabla ya chanjo, ila homa ikitokea baadaye mzazi atafuata maelekezo atakayopewa zahanati.

Tahadhari moja haina budi kusisitizwa. Katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, ambao hufanyika Juni na Desemba, watoto hupewa vitamini A kuanzia miezi 6 na dawa za minyoo kuanzia miezi 12. Wapo wazazi, na hata watoa huduma, ambao humziba mtoto pua ili ameze. Tendo hilo ni la hatari. Mtoto anayelia huku amezibwa pua huvuta hewa kwa kinywa, na kilichomo kinywani huweza kuingia katika njia ya hewa na kumpalia, hata kumuua. Kidonge cha mtoto mdogo kisagwe na kuchanganywa na maji safi. Anayelia asubiriwe anyamaze, na anayekataa kabisa asilazimishwe siku hiyo. Dakika kumi za kusubiri ni nafuu kuliko maisha.

Wajibu wa aliye upande wa pili wa meza

Watumishi wengi wa zahanati hutoka mikoa mingine na huzungumza Kiswahili, ilhali mtoto wa Nyakitonto aghalabu amesikia Kiha tangu azaliwe. Mgeni anayemwendea mama kwanza kwa salamu ya asubuhi, "mwakeye", na kuzungumza naye kidogo kabla ya kumgusa mtoto, humpa mtoto nafasi ya kuona kwamba mama hamwogopi mtu huyu. Watoto wa umri huo husoma uso wa mlezi ili waamue kama jambo ni la kuogopa. Pale lugha inapokwama, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye ni jirani na anajulikana, ndiye mkalimani bora.

Mpangilio wa chumba nao ni tiba. Wanaosubiri wasikae mahali wanapowaona wanaochomwa, na anayetoka akilia apitie mlango mwingine au upande mwingine wa mti. Huduma zisizouma zitangulie, sindano ije mwisho, na isitolewe karibu na mizani, ili mtoto asiunganishe mambo hayo mawili. Aliyelia sana apewe nafasi ya kukaa kando na kurudi baadaye siku hiyo hiyo, bila kurudishwa mwisho wa foleni.

Zaidi ya yote, mama asikaripiwe mbele ya wenzake. Neno kama "umemdekeza" halimtulizi mtoto, ila humfundisha mama kwamba zahanati ni mahali pa kufedheheshwa. Mtoto wa miezi 18 haendi kliniki peke yake. Mama asiporudi, hata mtoto harudi. Ikiwa jambo moja tu linawezekana siku ile, iwe chanjo, na uzito upimwe mwezi ujao. Aliyeondoka bila chanjo aandikwe jina daftarini, aambiwe tarehe kamili ya kurudi, na mhudumu wa kijiji apite nyumbani kwake kabla ya siku hiyo.

Kilio na kimya

Si kila ukaidi ni wa makuzi. Mtoto ambaye siku zote ni mpole akigeuka ghafla na kukataa kuguswa, huenda sikio linamuuma, ana homa au ana kidonda kisichoonekana. Asiyegeuka aitwapo jina huenda hasikii vizuri. Asiyetazama watu machoni, asiyeonyesha kitu kwa kidole, na ambaye kelele za kawaida humtesa, anahitaji uchunguzi wa makuzi, na mzazi wake anahitaji kusikilizwa.

Lakini wa kuogopewa zaidi ni yule aliyeacha kukataa. Mtoto mwenye nguvu hupigana na anayemkera. Mtoto aliyelegea, anayeruhusu kuvuliwa, kupimwa na kuchomwa pasipo kutoa sauti, asiyefuata kitu kwa macho wala kutaka kunyonya, anaonyesha dalili ya hatari inayomtaka atoke katika foleni na kuonwa mara moja. Malaria kali, upungufu mkubwa wa damu na utapiamlo mkali vyote huweza kumnyamazisha mtoto. Katika benchi la watoto thelathini wanaolia, muuguzi hodari huanza na yule anayenyamaza.

Hofu isiyotibiwa haiishi utotoni. Binti aliyeshikiliwa kwa nguvu akiwa na miezi 18 atakutana tena na sindano shuleni, katika chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi inayotolewa kwa wasichana, na baadaye katika kliniki ya wajawazito. Kila mara atakwenda na kumbukumbu alizopewa mwanzo. Mzazi wa Nyakitonto anayetazama kadi ya mwanawe leo na kukuta nafasi ya pili ya surua i tupu ilhali mtoto ameshapita miezi 18, asidhani muda umekwisha. Amchukue pamoja na kadi siku ya kliniki ijayo, amwambie kweli njiani, na amwombe muuguzi ruhusa ya kumpakata mpaka mwisho.